Picha ya nkambo irudi nyumbani

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya asubuhi bado inauma, vijana watatu walipoingia katika studio yangu kando ya barabara ya Kolwezi. Nkambo wao, yaani babu yao, alikuwa amefariki usiku. Walitaka picha kubwa ya kuweka kwenye kilio. Nikawauliza mna picha gani. Mkubwa wao akatoa kadi ya kupigia kura, imefungwa ndani ya kipande cha nailoni. Uso wa mzee pale hauzidi ukucha wa kidole gumba. Nikaikuza, nikaisafisha kwenye kompyuta mpaka macho yakaniuma, na bado ilitoka kama mtu anayetazamwa kupitia kioo cha basi chenye vumbi. Ndiyo iliyosimama mbele ya watu siku tatu.

Na mzee yule ndiye mtu aliyepigwa picha nyingi kuliko wote ninaowajua hapa Fungurume.

Wapiga picha walikuwa wanamfuata kwa sababu alijua habari za mukuba, shaba yetu. Wageni wa Ulaya, vijana wa Kinshasa, wote walimkalisha chini ya mwembe wake, wakampa jiwe la kijani alishike, wakamwambia asicheke. (Alipenda sana kucheka.) Naye aliwaeleza jinsi Wasanga wa zamani walivyoyeyusha shaba: wanangoja kiangazi, mtama ukishavunwa, wanajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wanachoma makaa, wanapuliza kwa mivukuto ya ngozi, kisha mukuba unamiminwa na kuwa msalaba. Kila mara aliuliza neno moja tu: hizo picha zitarudi lini? Aliambiwa zitarudi. Hata moja haikupita mlangoni kwake.

Mchezo huu ni wa zamani. Kati ya 1898 na 1900 Charles Lemaire aliongoza msafara wa kuipima Katanga, akiwa na mpiga picha François Michel na mchoraji Léon Dardenne. Kazi zao zilikwenda kuhifadhiwa Ubelgiji. Miaka zaidi ya mia baadaye msanii Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978, aliingia katika makumbusho ya Tervuren, hukohuko Ubelgiji, akazichukua picha za Michel na kuzibandika juu ya michoro ya Dardenne. Moja inaitwa, kwa Kifaransa, mwanamke wa Urua mbele ya mchoro wa Dardenne. Isome tena. Mchoraji ana jina. Mwanamke ana kabila tu.

Baloji simlaumu. Ndiye aliyewatoa watu wale kwenye makabati, kama alivyowasimamisha wafanyakazi wa zamani wa migodi katikati ya magofu ya kampuni ya migodi ya Gécamines katika kazi yake ya 2006 iitwayo Mémoire. Lakini jina lisiloandikwa siku ile utalitafuta wapi leo?

Ndiyo maana nasema mpiga picha anayekuja kwa wazee wetu aandike jina kamili, aandike na kijiji, na kabla hajaondoka aache picha moja ya karatasi. Ya karatasi, si ya simu. Simu ya mzee huwa ni ya kubonyeza, na ya mjukuu itauzwa kabla ya Krismasi.

Wenzangu wa kazi watanijibu kwamba jina ni hatari. Kwa kijana anayechimba usiku penye ulinzi, ni kweli, mfiche hata uso. Mzee anayesimulia kazi ya babu zake hana cha kufichwa. Mkimwita tu “mzee wa Kisanga”, mnamlinda na nani?

Mimi mwenyewe sina mikono safi. Mwaka jana nilifuta picha za ngoma ya wazee ili nipate nafasi ya arusi. Arusi ilikuwa imelipwa.

Lakini saa inatukimbia. Mzee yule alikuwa na kawaida ya kunyoosha mkono kuonyesha kilima kilichokuwa cha babu yake, kimoja cha vile visivyoota miti kwa ajili ya mukuba ulio udongoni, nyasi tu na maua madogo. Miaka yake ya mwisho alikuwa anaonyesha shimo lenye uzio. Ukiwa na picha ya mkono ule na kilima nyuma yake, wewe ndiye unayeshika kitu ambacho wajukuu wake hawawezi tena kwenda kukitazama.

Basi wewe uliyemkalisha chini ya mwembe ukamshikisha jiwe la kijani, ukisoma haya, tuma picha moja. Familia bado inakaa palepale. Kuichapisha ni juu yangu, bila malipo, na jina lake nitaliandika chini kwa mkono wangu.