SHAURI LA JUMA: Taa za Kanisa Lenye Paa Lililoinuka



Vijiji vingi vimekwisha pata umeme, na vigango vilivyosali jioni kwa karabai sasa vinachanga fedha za taa. Ni jambo jema. Lakini fedha zenyewe ni za mahindi, za maharage, na za kuku wa mama mjane. Zikitumika vibaya, hazichangwi upya upesi. Basi leo tuzungumze namna ya kuchagua taa za chumba kikubwa chenye paa lililoinuka, yaani kanisa au ukumbi wa parokia.

Kwanza fahamuni tabia ya mwanga. Taa iliyo meta 2 juu ya kitabu, ukiipandisha hata meta 4, mwanga unaofika kitabuni haubaki nusu, hubaki robo tu. Ndiyo sababu balbu iliyong'aa vizuri sebuleni, ukiifunga chini ya mabati ya kanisa, meta 7 juu, yaonekana kama kimulimuli. Kenchi na popo wapata mwanga, na kitabu cha nyimbo kimo gizani. Bibi aliye benchi la nyuma huimba yale anayoyakumbuka tu, na mtoto aliyepewa kusoma somo hukwama katikati.

Dawa ni mbili: kushusha taa, na kutumia taa inayokusanya mwanga wake na kuupeleka pale unapotakiwa. Taa za reli zafanya yote mawili. Reli ni upapi mrefu wa alumini wenye njia za umeme ndani yake. Hapo hushikizwa vichwa vya taa vinavyoweza kusogezwa huku na huku na kugeuzwa. Mkihamisha mabenchi, hamna haja ya kutoboa ukuta tena. Mwageuza vichwa tu.

Msiifunge reli kileleni mwa paa. Ifungwe kwenye boriti ya chini ya kenchi, au ukutani, au ining'inizwe kwa nyaya za chuma, ikae kama meta 4 toka sakafuni. Ikiwa mwaifunga kwenye dari ya mteremko, tazameni kama kichwa chageuka vya kutosha, la sivyo kitamulika ukuta.

Pili, someni boksi kabla ya kulipa. Wati hutuambia umeme unaoliwa, wala si mwanga unaotoka. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Tuseme kanisa lenu ni meta 20 kwa 10, ndiyo meta za mraba 200. Ili watu wasome bila taabu, tuweke lumeni 150 kwa kila meta ya mraba. Jumla ni 30,000. Tuongeze theluthi kwa ajili ya vumbi na mwanga unaopotea, zitakuwa 40,000. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 700 hivi. Mngehitaji balbu 57, nazo zingekula wati 3,400. Taa nzuri za LED hutoa lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo wati 400 zatosha. Kwa saa 2 za usiku, hiyo ni yuniti 0.8 badala ya yuniti 6.8. Na kama kigango chatumia nguvu ya jua, hesabu hiyo hiyo ndiyo itakayowaonyesha ukubwa wa betri.

Tatu, tazameni upana wa mwanga, ulioandikwa kwa nyuzi. Taa iliyo meta 4 juu, yenye nyuzi 60, huangaza duara la meta 4.6 hivi. Ya nyuzi 36 huangaza meta 2.6, na ya nyuzi 24 meta 1.7. Basi mabenchi yapeni nyuzi 60, altare na mimbari ya masomo nyuzi 36, na msalaba au sanamu ya Bikira Maria nyuzi 24.

Nne, rangi ya mwanga. Namba 3000K ni ya manjano kidogo. Namba 6500K ni nyeupe inayoelekea buluu, nayo yachosha macho usiku. Chagueni 3000K au 4000K, lakini zote ziwe namba moja. Tafuteni pia alama ya Ra, iwe 80 au zaidi. Kwa altare 90 yafaa, ili zambarau ya Kwaresima ionekane zambarau.

Sasa namna ya kuzielekeza. Taa za mabenchi zitazame mbele, kwa upande wa altare, mwanga uwapite watu mabegani wala usiwapige machoni. Altare imulikwe toka mbele, pande mbili. Taa moja juu ya kichwa cha Padri humtia vivuli machoni, na waamini hawamwoni uso.

Swichi zisiwe moja. Misa ya kila siku yenye watu kumi haihitaji taa zote. Tena katika Kesha la Pasaka kanisa huwa gizani mpaka mshumaa wa Pasaka ufike mbele, ndipo taa huwashwa. Zipo reli zenye njia tatu, kila njia na swichi yake. Taa ya tabernakulo ni jambo jingine: desturi ya Kanisa ni mafuta au nta, nayo haizimwi.

Jihadharini na hatari. Umeme wa volti 230 huua. Reli ni ya chuma, basi lazima iungwe waya wa ardhi, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni. Msitundike maua wala vitambaa juu yake. Kabla ya kupanda ngazi, zimeni swichi kubwa, na mtu wa pili ashike ngazi. Nunueni pia vichwa viwili vya akiba siku hiyo hiyo, maana kichwa cha reli moja mara nyingi hakiingii katika reli nyingine.

Wapo watakaotaka taa za rangi zinazowaka na kuzimika. Wakumbusheni kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka vitu vya kanisa viwe na uzuri wenye heshima kuliko fahari tupu.

Mwisho, jaribuni kabla ya kununua. Azimeni taa moja, ifungeni usiku mahali palipokusudiwa, kisha mkalisheni mzee wenu chini yake na kitabu cha nyimbo. Akisoma mistari mitatu bila kukisogeza kitabu, nunueni. Asiposoma, msinunue, hata muuzaji aseme nini. Na kazi ikiisha, hesabu isomwe mbele ya waamini wote, mpaka senti ya mwisho.

Kwa herini hata juma lijalo.