Aliye Nje ya Droo Hamwangushi Kigogo

Oktoba 2025, mjini Shanghai, Valentin Vacherot wa Monaco alitwaa taji ambalo hakuna aliyemhesabia. Alipofika China alikuwa wa 204 katika orodha ya wachezaji tenisi bora duniani, na hakuwa na nafasi katika mashindano. Hata kwenye mchujo hakuwa nayo: alikuwa akiba, akisubiri waliopangwa wajitoe ndipo jina lake lipande. Wakajitoa. Akaingia mchujo, akapita, kisha akaanza kuwatoa watu mmoja baada ya mwengine: Alexander Bublik, Holger Rune, na katika nusu fainali Novak Djokovic, mwenye mataji 24 ya Grand Slam, kwa 6-3, 6-4. Fainali alikutana na binamu yake, Arthur Rinderknech wa Ufaransa, akamshinda baada ya kuachwa seti ya kwanza. Mashindano yale ni ya daraja la Masters 1000, na hajapata kutokea bingwa wa daraja hilo aliyetokea chini kiasi kile katika orodha.

Habari za namna hii kwetu hupokewa kwa mkato: siku yake ilifika, Mungu kampa. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Ninachotaka kukihoji ni kile kipande cha hadithi tunachokiruka, cha akiba. Lau wale wasingejitoa, Vacherot angefunga mkoba wake akarejea alikotoka, na mkono wake ungekuwa ule ule uliomshinda Djokovic, ila asingeujua mtu. Toleo hili la michezo tumeliandaa kwa sababu tunaamini maajabu ya uwanjani huanzia mlangoni. Sisi wa Afrika Mashariki, Unguja tukiwamo, tumezoea kuulizana vipaji viko wapi. Bora tuulizane nani ana ufunguo.

Tenisi huwalinda wakubwa wake kuliko michezo mingi. Kwenye soka timu dhaifu inaweza kujazana golini dakika 90, ikapata kona moja, ikaondoka na ushindi. Tenisi haina kipenga cha dakika ya 90. Mtu hatoki mpaka pointi ya mwisho ichezwe, na katika Grand Slam wanaume hucheza mpaka seti 5, kwa hiyo kigogo aliyeamka vibaya ana saa mbili tatu za kujirekebisha. Hesabu nayo iko upande wake. Juni 2024 Roger Federer aliwaambia wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, kwamba katika mechi zake 1,526 za mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizoshinda ni asilimia 54 tu. Hebu izingatie hiyo. Katika kila pointi 100, Federer alipoteza 46. Ziada ile ndogo, ikikusanywa gemu kwa gemu na seti kwa seti, ndiyo iliyompa mataji 20 ya Grand Slam.

Ukishaiona hesabu hiyo, mengi yanayosemwa kuhusu kiwango cha wachezaji hubadilika sura. Carlos Alcaraz na Jannik Sinner waligawana Grand Slam zote 8 za 2024 na 2025, ukadhani kuna ukuta baina yao na wengine. Ukuta wenyewe ni pointi chache katika kila mia. Mguu ukichoka kidogo, mpira wa kuanzisha ukikosa mstari kwa upana wa kidole, ziada ile imekwisha. Agosti 2024 Alcaraz alitua New York akiwa bingwa wa Paris na wa Wimbledon, na medali ya fedha ya Olimpiki shingoni. Raundi ya pili akafungwa 6-1, 7-5, 6-4 na Mholanzi Botic van de Zandschulp, wa 74 duniani, mtu ambaye miezi michache nyuma alikuwa akiwaza kuacha tenisi kabisa. Na kabla yao kuna mfano ninaoupenda zaidi. Mwishoni mwa Aprili 2009, Roma, Rafael Nadal alimfunga Robin Söderling wa Sweden 6-1, 6-0. Mwezi mmoja baadaye wakakutana tena Paris kwenye Roland Garros, ambako Nadal alikuwa hajawahi kupoteza mechi hata moja, na Söderling akashinda kwa seti 4. Nadal aliondoka katika tenisi akiwa amecheza mechi 116 pale na kupoteza 4. Anayetaka kunieleza kwamba kipaji cha Söderling kiliongezeka ndani ya mwezi mmoja, nitamsikiliza kwa adabu tu.

Lakini tazama tena: van de Zandschulp wa 74 hakuomba ruhusa ya mtu kuingia New York. Droo ya Grand Slam ina nafasi 128. Kama 104 huenda kwa orodha ya ubora, 16 kwa waliopita mchujo, na 8 kwa walioalikwa. Hizo 8 wenyeji huwapa zaidi watoto wao, na Marekani, Ufaransa na Australia hubadilishana mialiko miongoni mwao. Wakubwa 32 hupangwa wasikutane kabla ya raundi ya tatu. Mfumo mzima ni wa haki ukishakuwa ndani. Kwa aliye nje, ili uingie unahitaji pointi. Ili upate pointi unahitaji mashindano. Na mashindano ya pointi yako mbali, kwa tiketi ya ndege, hoteli na kocha wa kulipwa.

Nikitakiwa nichague mechi moja ya kigogo kuangushwa, nitachagua fainali ya Wimbledon ya 1975. Jimmy Connors alikuwa namba 1 na bingwa mtetezi, na mwaka wa nyuma yake alimfanyia Ken Rosewall ukatili wa 6-1, 6-1, 6-4. Arthur Ashe alikuwa amebakisha siku 5 atimize miaka 32, na hakuwa amewahi kumshinda Connors. Connors aliishi kwa nguvu za mwenzake: ukimpiga mkwaju mkali, anaurejesha mkali zaidi. Ashe, ambaye maisha yake yote alikuwa mpigaji, siku ile akamnyima nguvu. Akampelekea mipira laini, ya chini, isiyo na uzito, akamvuta nje kwa mipira ya kuanzisha iliyopinda, na Connors alipokaribia wavu, Ashe akaipitisha juu ya kichwa chake. 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Wengi husimulia akili ya Ashe siku ile, na wanasema kweli. Mimi hukumbuka zaidi kwamba huko Richmond, Virginia, alikokulia, viwanja vizuri vya umma vya Byrd Park vilikuwa vya wazungu watupu na yeye alizuiwa. Aliokolewa na jambo moja: baba yake alikuwa msimamizi wa Brook Field, bustani ya michezo ya watu weusi, na nyumba yao ilikuwa ndani ya bustani hiyo hiyo. Kiwanja kilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Mwaka 1971, akiwa ziarani Yaoundé, Kameruni, Ashe akamwona mtoto wa miaka 11, Yannick Noah, akawashtua Wafaransa kuhusu kijana yule. Miaka 12 baadaye Noah alikuwa bingwa wa Roland Garros. Ni mlango mmoja kufunguliwa na mtu aliyejua unavyouma ukifungwa.

Turudi kwetu. Tarehe 12 Agosti 2025 Sudan iliifunga Nigeria 4-0 katika Uwanja wa Amaan, hapa Unguja, kwenye mashindano ya soka ya CHAN. Nchi yao iko vitani tangu Aprili 2023. Wakaongoza kundi, wakaitoa Algeria kwa penalti hapo hapo Amaan, mpaka Madagascar ilipowasimamisha nusu fainali Dar es Salaam. Ukipanda daladala ya 502 kutoka Darajani kuja Bububu siku zile, hukukosa mtu wa kukueleza sababu za Nigeria kulala, na kila mmoja alikuwa na yake.

Na timu yetu je? Desemba 2017 Zanzibar Heroes, chini ya kocha Hemed Suleiman 'Morocco', walikwenda Kenya kwenye CECAFA wakaifunga Tanzania Bara 2-1, nusu fainali wakaifunga Uganda, bingwa mtetezi, 2-1, na fainali ya Machakos wakatoka 2-2 na wenyeji kabla ya kushindwa kwa penalti. Kumbuka mwaka huo huo, mwezi Machi, CAF ilitupokea kuwa mwanachama wa 55, na Julai ikatutoa kwa hoja kwamba haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja. Suala hilo lina siasa zake za Muungano na sitalifungua hapa. Nasema tu kwamba miezi mitano baada ya kutolewa, vijana wale walionesha walikuwa na miguu ya kumsumbua yeyote wa ukanda huu, na hawakuwa na pahala pa kuipeleka isipokuwa CECAFA. Kiwango chao halisi hakikupata kupimwa, kwani kiwango hupimwa kwa kucheza.

Katika tenisi ukanda wetu umewahi kuingia ndani, na kila aliyeingia alipitia njia ya mzunguko. Paul Wekesa wa Kenya, aliyefika nafasi ya 100 duniani katikati ya miaka ya 1990 na kushinda mataji ya ATP ya wawili wawili, alinolewa katika Chuo Kikuu cha Chapman, California. Vacherot na binamu yake nao ni watoto wa vyuo vya Marekani, wote wawili wa Texas A&M. Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, naye amekwenda huko, Auburn. Nitatoka kidogo kwenye tenisi ya wanaume kwa ajili yake, kwani sijui mfano mwengine unaokata maneno kama huu. Julai 2022 Okutoyi na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon, la kwanza la Grand Slam kwa Mkenya. Waliofungwa fainali walikuwa Wakanada wawili, na mmoja wao ni Victoria Mboko, binti wa wazazi kutoka Kongo. Agosti 2025 Mboko, mwenye umri wa miaka 18, wa 85 duniani, akapewa mwaliko na waandaaji wa Montreal, nchini kwake, akamwangusha Coco Gauff, akamwangusha Elena Rybakina, na fainali akamshinda Naomi Osaka. Okutoyi wakati huo alikuwa bado anahangaikia pointi mamia ya nafasi nyuma. Miaka mitatu nyuma wasichana hawa walitenganishwa na wavu tu, na aliyeshinda alikuwa wa Nairobi. Sitaki kumpunguzia Mboko jasho lake. Nataka kusema Kanada ilikuwa na mwaliko wa kumpa, Kenya haikuwa nao.

Kwa hiyo naipongeza Kigali, kwa sauti. Tangu 2024 Rwanda inaandaa mashindano ya daraja la Challenger, ngazi ya chini ya ATP, na mwandaaji huwa na mialiko. Mpoland Kamil Majchrzak alishinda taji pale mwaka ule wa kwanza, na mwaka uliofuata alikuwa Wimbledon akimtoa Matteo Berrettini, aliyewahi kucheza fainali ya hapo. Pointi za kupandia zinapatikana Kigali, na Kigali kutoka hapa si mbali.

Na asiniambie mtu kisiwa ni kidogo. Monaco haifiki kilomita za mraba 3 na watu wake hawajai Amaan mara tatu. Sisi kwa sensa ya 2022 tunakaribia milioni 1.9. Walicho nacho Wamonaco, mbali na fedha, ni shirikisho lao na mashindano ya Masters yanayobeba jina lao kila Aprili, kwa hiyo mtoto wa pale huwaona wakubwa kwa macho yake na siku moja hualikwa acheze nao. Hapa Unguja tenisi ililetwa na Waingereza ikakaa Mnazi Mmoja na kwenye klabu zao, na leo viwanja vingi viko ndani ya uzio wa hoteli. Mtoto wa Bububu anayetaka soka husubiri maji yatoke ufukwe wa Fuji, akapata uwanja bure mpaka maji yajae. Mpira wa tenisi haudundi mchangani. Unataka sakafu ngumu, na kwa kuanzia unataka ukuta, ambao mtoto anaweza kuupigia peke yake mchana kutwa bila kumlipa kocha. Ninachodai ni sakafu na ukuta katika kila wilaya, penye skuli, pasipofungwa kufuli saa kumi.

Mmoja wa waandishi wa toleo hili hakubaliani nami, na makala yake nimeiweka mara tu baada ya ukurasa huu. Anasema gharama ya kiwanja kimoja cha tenisi ingevisha viatu timu zote za mitaa kuanzia Kibweni mpaka Bububu, na kwamba mchezo wa watu wawili hautoshika kisiwani, ambako burudani ni ya kundi. Kwenye viatu amenibana na sijapata jibu la kumtosha. Kwenye kundi namwambia apite barazani jioni ahesabu waliolizunguka bao: wanaocheza ni wawili, wanaogombana juu ya kete ni mtaa mzima.