Fundi Anayedifragi SSD Yako Anakula Pesa Yako na SSD Pia

Wasee, leo nitakosana na mafundi kadhaa, na ni sawa tu. Kama laptopi yako iko na SSD na kuna mtu anakuitisha mia tano ati aisafishe na aidifragi, shika hiyo mia tano. Nunua bando.

Naongea hivi ju huku kwetu, kuanzia Bokoli, Webuye, Bungoma hadi Kitale, wengi tunatumia laptopi za ex-UK. Hiyo mashine ndiyo ofisi. Hapo ndipo mtu anaandika projekti ya chuo, anafanya kazi za mtandaoni, anaediti video, anawajazia wazee fomu za KRA. Ikizima leo, kesho hakuna unga.

Difragi ni nini? HDD ya zamani ni kisahani kinachozunguka, kwa laptopi nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kuna kichwa kinachokimbia juu yake kikisoma. Faili ikitawanyika vipande vipande, hicho kichwa kinakuwa kama mtu wa boda aliyetumwa kuchukua mizigo mitano: mmoja Bokoli, mwingine Webuye, mwingine Kimilili. Lazima achelewe. Kudifragi ni kuiweka mizigo yote steji moja. Kwa HDD inasaidia, sibishi. Kama bado uko na HDD, endelea.

SSD haina kichwa wala kisahani. SSD ni M-Pesa. Ukimtumia kukhu hapa Bokoli ama binamu yako Mombasa, pesa inafika kwa muda ule ule. Sasa fundi anayedifragi SSD ni kama mtu anayekwambia uhamishe ukoo mzima uishi boma moja ndio M-Pesa ifike haraka. Na kila ukihamisha mtu, kuna makato.

Hayo makato ni ya kweli. Vyumba vidogo vya kuhifadhi data ndani ya SSD huchakaa kila vinapofutwa na kuandikwa upya. Ndio maana kampuni huandika kipimo cha waranti: Kingston A400 ya GB 240 imepewa TB 80 za kuandikwa, Samsung 870 EVO ya GB 250 imepewa TB 150. Programu ikihamisha GB 20 tu kila siku, hiyo ni zaidi ya TB 7 kwa mwaka. Kwa hiyo Kingston, karibu sehemu moja ya kumi ya waranti imeliwa na kazi isiyo na faida. Na yako ya ex-UK hujui ililiwa kiasi gani kabla ikufikie.

Cha kuchekesha, hata hakuna kitu kinachopangwa. Ndani ya SSD kuna kontrola inayoamua yenyewe data ikae wapi, na inaitawanya makusudi ndio vyumba vichakae sawasawa. Zile rangi unaziona zikijipanga vizuri kwa skrini ni ramani tu. Umelipia mchoro.

Najua jibu linakuja: "Mbona Windows yenyewe iko na hiyo kitu?" Swali poa. Tangu Windows 7 ya 2009, mfumo ukitambua SSD huizimia ratiba ya difragi. Kuanzia Windows 8, huituma SSD amri inaitwa TRIM, yaani kuiambia vyumba gani havina data inayohitajika tena. Inafanya hivyo kila wiki, bure, ukiwa umelala. Ukweli ni kwamba ikiwa System Restore imewashwa, Windows inaweza kudifragi SSD kidogo mara moja kwa mwezi kwa sababu zake za ndani. Na difragi moja haiwezi kuua SSD. Sisemi ni sumu. Nasema unauziwa mara kwa mara kitu usichohitaji, na gharama iko juu yako.

Tuje kwa hizi programu za kusafisha. Kufuta faili za muda na kumwaga pipa la takataka ni sawa, na Windows inakufanyia. Shida ni zile zinazoahidi kusafisha rejistri. Microsoft imesema wazi haziungi mkono, ju zikifuta kitu kisichofaa kufutwa, mashine inaweza kukataa kuwaka. Halafu kumbuka CCleaner, jina kubwa kabisa: mwaka 2017 wadukuzi waliingiza virusi ndani ya toleo rasmi la 5.33, na watu zaidi ya milioni 2 wakaipakua. Kama hiyo rasmi iliingiliwa, ile iliyovunjwa kufuli na kubebwa kwa flashi ya fundi kutoka mashine hadi mashine iko na nini?

Mashine ikiwa slow, angalia vitu vya kweli. SSD imejaa? Acha nafasi. RAM ni GB 4 na umefungua tabo thelathini? Programu kumi zinajiwasha zenyewe asubuhi? Vumbi limeziba feni? Fundi anayekuongezea RAM ama kukutoa kwa HDD akuweke kwa SSD, huyo mlipe na umshukuru.

Na weka bakapu. HDD ikiugua mara nyingi hulia, inagonga, unapata onyo. SSD inaweza kunyamaza tu siku moja, na projekti yako ndani.

Mtasema huyu aliacha chuo, atatufunza nini. Basi usiniamini. Andika dfrgui kwa sehemu ya kutafuta ya Windows, usome kama diski yako ni SSD na iliangaliwa lini mara ya mwisho. CrystalDiskInfo ni ya bure, itakuonyesha afya yake imebaki asilimia ngapi.

Halafu ukifika kwa fundi, usimwambie una SSD. Ngoja uone kama atauliza. Akianza kudifragi kabla ya kuuliza, beba mashine yako urudi nyumbani.