Mkwaju wa Katabi haukuota kwa ajili ya jina la demu wako

Wiki hii naomba tuziweke kando habari za nani kamwacha nani, tuzungumze habari za miti. Usigeuze ukurasa, mwana! Mapenzi yamo humohumo, tena na ugomvi upo.

Si mnaijua ile picha inayozunguka kwenye simu za vijana wa mjini? Jamaa na mpenzi wake wako ndani ya gari, hema limefungwa juu, barabara inapita katikati ya miti mirefu mpaka ukiitazama shingo inauma. Pale ni California, Marekani, na miti yenyewe inaitwa redwood. Mmojawapo, uliopewa jina la Hyperion, una urefu wa karibu mita 116. Hebu panga ghorofa zaidi ya 30 moja juu ya nyingine, ndio utanielewa. Basi kila akionyeshwa picha hiyo, mtoto wa mjini anaguna: "Ningepata viza mie!"

Viza ya nini, ndugu yangu? Kama unataka mti wa kukuvunja shingo, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika uko hapahapa Bongo, kwenye mabonde ya Mlima Kilimanjaro. Wataalamu walitangaza mwaka 2016 kwamba una mita 81.5. Na kama unachotaka ni safari ndefu ya gari, hema, moto wa kuni na msitu usio na mwisho, basi elekea magharibi. Nenda Katavi.

Mimi nimekwenda. Septemba tulijichanga washikaji watano, wavulana watatu na dada wawili, tukachukua gari Dar asubuhi na mapema. Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Tabora, hapo tukalala hoi. Kesho yake tukaishika njia ya Sikonge na Inyonga mpaka Mpanda. Zamani njia hii ilikuwa kasheshe, mtu akienda Mpanda wakati wa masika anaagwa kama anakwenda vitani. Siku hizi lami imefika, bwana. Asiyependa kuendesha apande treni. Reli inachepuka pale Kaliua na kuishia Mpanda. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi, madini yakaisha, reli ikabaki na abiria wake.

Sasa nisikilizeni. Ukishaipita Sikonge ndipo utajua msitu maana yake nini. Ni miombo kushoto, miombo kulia, saa baada ya saa. Si miti ya kutisha kwa urefu, mingi haifikii mita 20. Lakini Septemba, kabla mvua haijanusa hata, ile miti inachipua majani mapya, na majani yenyewe si ya kijani. Mekundu! Mengine rangi ya shaba, mengine kama divai. Dada mmoja kati yetu, mtoto wa Tabata, alidhani msitu unaungua. Kando ya barabara wanauza asali kwenye chupa na madumu, maana nyuki wa kule kazi yao ni maua ya hiyo hiyo miombo. Ukiionja, ile ya mjini iliyochanganywa na sukari guru utaimwaga.

Mpanda mjini tulikula ugali na migebuka ya Ziwa Tanganyika, tukaliacha gari letu dogo na kukodi Land Cruiser na dereva wake, mtu mzima wa hukohuko. Sisi tulimwita kaka, yeye akatuita wadogo zangu. Saa moja hivi kusini kuna kijiji cha Sitalike, na hapo ndipo mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Kubwa ile! Lakini watalii ni wa kuhesabu. Kule Serengeti magari yanapanga foleni kumtazama simba mmoja kama yako Ubungo saa kumi na moja jioni. Katavi tulizunguka siku nzima tukapishana na gari moja tu, nalo la askari wa hifadhi.

Tulipewa askari mwenye bunduki wa kuongozana nasi. Kule anaitwa afande, na afande akisema umesikia. Jambo la kwanza alilosema ni kuhusu nguo. Dada wa pili alikuwa amevaa jinzi ya bluu iliyokolea na fulana nyeusi. Afande akacheka. "Binti, hizo rangi mbung'o wanazipenda kuliko wewe unavyozipenda." Hakukawia kupata ukweli. Mbung'o wanauma juu ya jinzi, bwana wee, wanauma kama sindano ya zamu ya usiku.

Ndipo tukafika kwenye mti wenyewe. Karibu na Ziwa Katavi kuna mkwaju. Ukiutazama kwa haraka utasema ah, mkwaju tu, kama ule wa nyuma ya msikiti kwetu. Lakini jina la hifadhi limetoka hapo. Wenyeji, Wabende, wanaamini kwamba mzimu wa Katabi, mwindaji mashuhuri wa kale, unakaa ndani ya mti huo. Watu huja kuomba baraka na kuacha sadaka zao chini yake. Hakuna uzio. Hakuna bango la "faini shilingi kadhaa". Mti umesimama, basi.

Sasa tulikuwa na jamaa mmoja wa Kinondoni, simtaji, mwenyewe anajijua. Huyu bwana mapenzi yalikuwa yamemkaa kooni. Kamuacha demu wake Dar na ahadi ya kumletea picha ya jina lake. Tukiwa tunashangaa mti, jamaa katoa ufunguo mfukoni, kasogea kwenye gome.

Afande hakupandisha sauti. "Kijana, huo ufunguo urudishe mfukoni."

"Herufi mbili tu, afande. Wenzetu Marekani wanatoboa mti mpaka gari linapita katikati!"

Hapo ikabidi niingilie, maana hiyo habari naijua. Ni kweli, walitoboa. Kule Yosemite kulikuwa na mti ukiitwa Wawona, wa jamii ya hiyo redwood. Mwaka 1881 wakachimba tundu kwenye shina, farasi na mikokoteni ikapita, baadaye magari, watu wakapiga picha miaka na miaka. Mwaka 1969 theluji ikaulemea, mti ukaanguka chini puu! Mti uliokuwa umesimama zaidi ya miaka 2,000. Na ile redwood ya pwani, jamaa waliikata kwa mbao mpaka ile ya kale ikabaki kama asilimia 5 tu ya msitu wa zamani. Kile kipande wanachotuonyesha kwenye simu ni salio. Hifadhi yao ya Redwood wameitangaza mwaka 1968, wakati nyumba nyingi zimeshajengwa na mbao zake.

Jamaa akarudisha ufunguo, lakini uso umenuna. "Huo ni ushirikina tu," akasema. "Mti ni mti."

Aliyemjibu si afande, ni dereva. Yule mzee alikuwa kimya tangu asubuhi, sasa akaegemea mlango wa gari.

"Mdogo wangu, mimi ni Mkristo, mizimu siijui. Lakini nimekata miti. Ulipokuja msimu wa mkurungu, magogo yanatakiwa nchi za nje, mimi nilikuwa natingo kwenye lori. Tulilipwa vizuri. Mwaka ule nilinunua baiskeli na bati za nyumba. Mwaka uliofuata tukaingia ndani zaidi, uliofuata ndani zaidi, mwisho tunazunguka na mafuta yanaisha, mti wa kukata hauonekani. Huu mkwaju niliukuta mtoto, nauona mpaka leo. Sasa niambie, mshirikina nani, aliyeuacha au sisi tuliomaliza mkurungu?"

Jamani, kimya kilitanda. Hata mbung'o nadhani waliacha kuuma kidogo.

Halafu yule kaka akatugeukia sote. "Na nyie wa Dar mnapikia nini? Vitanda vyenu mbao gani?" Hapo kila mtu akatazama viatu vyake. Mkaa, kaka. Na kitanda ni mninga, tena tunaringia. Unamkaribisha mgeni chumbani unagonga ubao wa kitanda, "Mninga huu!" Mninga huo haukuota Keko, msomaji wangu. Umetoka kwenye misitu kama hii ya Tabora na Katavi.

Jioni tulipiga hema kwenye kambi ya hifadhi. Kulala kule ni raha yenye masharti. Chakula hakikai ndani ya hema. Ukibanwa usiku unamwamsha mwenzako, unamulika tochi kwanza, unasikiliza, ndipo unatoka. Viboko usiku wanapanda nchi kavu kula majani, na kiboko hajui kwamba wewe ni mtoto wa mjini. Tuliwasikia wakikoroma mpaka alfajiri. Simu hazikuwa na mtandao, kwa hiyo watu tukaongea. Kweli tukaongea! Dada wa Tabata akatuambia mambo ambayo miaka mitatu ya urafiki hajawahi kuyasema, na moto ukawa unalia taratibu. Ile peke yake inalipa nauli.

Asubuhi tukaenda kuwaona hao viboko mchana kweupe, na hapo furaha ikaingia doa. Mto Katuma ndio uhai wa Katavi. Unajaza Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yanashuka kuelekea Ziwa Rukwa. Kiangazi unapungua mpaka yanabaki madimbwi, na viboko wa mbali wote wanajazana humo. Tuliona mamia wamebanana kwenye tope kama abiria wa daladala la mwisho, migongo imepasuka kwa jua, madume yanaumana kugombea nafasi. Watalii wanaiita burudani. Afande akatuambia kiangazi kukauka si ajabu, ajabu ni mto kukauka mapema na kwa muda mrefu. Huko juu, nje ya hifadhi, maji yanazuiwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga, na misitu ya vyanzo inafyekwa. Mkulima naye ana watoto, hapandi mpunga kwa uchokozi. Lakini maji ni yaleyale, na kiboko hana mahali pa kupeleka malalamiko.

Kwa hiyo nawaambieni hivi, vijana wenzangu. Katavi haina mti wa mita 116, na haiuhitaji. Ina mkwaju mmoja uliobaki kwa sababu watu waliambiana "huu hapana", wakaheshimu, wakawaambia watoto wao. Msitu wowote duniani, wa Marekani au wa kwetu, unabaki kwa neno hilohilo. Awe mzimu anayelisema, awe afande, awe mtu anayekwenda kununua kitanda. Mjini tunadhani neno hilo ni la wanakijiji. Si kweli. Gunia la mkaa linaanza safari kwa sababu kuna mtu Manzese ana hela mkononi. Kama uwezo wa gesi unao, hata ya mtungi mdogo, washa gesi. Fundi akikuambia mninga, muulize kibali kiko wapi. Atakuona mnoko, na iwe hivyo.

Na mwenye kutaka kwenda, aende kati ya Juni na Oktoba. Masika njia za ndani zinakuwa tope jeusi, gari linazama mpaka milango. Mzalendo analipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni wa dola, hivyo usijidai huna. Changeni watano au sita gari liwe rahisi. Vaa kaki au kijani kilichofifia. Beba maji ya kutosha, tochi mbili, dawa ya mbu na sweta, maana alfajiri ya kiangazi kule inang'ata. Takataka zako rudi nazo.

Mtauliza, na jamaa wa Kinondoni je? Alipita Inyonga kanunua dumu la asali, kampelekea demu. Habari nilizonazo ni kwamba dumu limepokewa vizuri sana, na mama mkwe mtarajiwa ameshaagiza jingine.

Ni hayo tu kwa leo. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.