Supachaja Haijui Kwamba Tuko Kigali

Mwezi uliopita, katika mdahalo wa darasa letu la Kiswahili, nilishindwa. Hoja ilikuwa hii: kwa gari dogo la Kigali, supachaja ni bora kuliko tabo. Mwenzangu aliyeitetea alihitaji sentensi moja tu. Kigali ni milima, mlima unataka nguvu papo hapo, na supachaja hutoa nguvu papo hapo. Makofi yakapigwa. Mimi nilikuwa bado natafuta Kiswahili cha kueleza moshi unaozungusha feni.

Naandika kwa sababu maneno nimeyapata, na kwa sababu kaka yangu alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi siku ile. Alitoka akiwa nusu ameshawishika, na fedha zilizokuwa zikijadiliwa, bila wasemaji kujua, zilikuwa zake.

Kaka hubeba wageni. Huwachukua kwenye nyumba za kupangisha za huku kwetu Nyarutarama na kuwapeleka uwanja wa ndege Kanombe, watu wanne na masanduku yao ndani ya gari ambalo mtu mwenye huruma angepakia wawili. Gari lake la kwanza lilikufa. Akiba ya miaka mitatu ilitosha kununua moja tu jingine la mtumba, na kwa kuwa sisi Rwanda tunapita upande wa kulia, alitafuta yale ya usukani wa kushoto yanayotoka Ulaya. Yakabaki mawili: Nissan Micra ya DIG-S, yenye supachaja, na Volkswagen Polo ya 1.2 TSI, yenye tabo. Magari mawili madogo, injini mbili za lita 1.2, njia mbili za kuzilisha hewa.

Tuanze na hewa, maana mdahalo wetu uliisahau kabisa. Petroli haiwaki bila hewa, na injini ndogo huvuta hewa kidogo. Vifaa hivi viwili vina kazi moja: kuisukuma hewa ndani kwa nguvu, ili silinda ipate zaidi ya ile ambayo ingeivuta yenyewe. Tofauti ni nani anayelipa gharama. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenkishafti, kwa hiyo injini hutoa sehemu ya nguvu yake ili ipewe hewa. Tabo huzungushwa na moshi wa eksozi, ambao ungepotea hata hivyo. Si bure kabisa, kwa sababu moshi ukizuiwa njiani injini huhisi, lakini sehemu kubwa ya ule moto ulikuwa unakwenda kutupwa.

Sasa njoo Kigali. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 83 ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na kifaa chochote hupoteza hapa takriban asilimia 15 ya nguvu zake hata kabla ya kuona mlima. Supachaja ya mkanda huzunguka kwa uwiano uliopangwa kiwandani. Ikiwa imeundwa kuikandamiza hewa mara moja na nusu, itafanya hivyo popote ilipo. Kule pwani itaipa injini 1.5 za kanieneo ya kawaida. Hapa itaipa kama 1.25. Mkanda haujui kwamba umepanda mlima. Tabo ina nafasi ya kujirekebisha: kompyuta ya injini ikiona hewa haijafika kiwango kinachotakiwa, hukawia kufungua ule mlango wa pembeni unaopunguza moshi, feni ikazunguka kasi zaidi, na pengo likazibwa kwa sehemu kubwa. Ina mpaka wake, lakini mita 1,500 haziko nje ya mpaka huo.

Jambo hili si geni. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya tabo mwaka 1905, na mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, kuonyesha kwamba tabo huirudishia injini pumzi iliyoibiwa na mwinuko. Tangu utoto wake tabo imekuwa chombo cha watu wa juu. Sisi ni watu wa juu.

Mwenzangu atasema: na ule uzito wa kuchelewa? Ukikanyaga mafuta, tabo husubiri moshi. Ni kweli, na kwa tabo kubwa za zamani ilikuwa kero hasa. Lakini hoja yake aliijenga juu ya magari ya baba zetu. Tazama yale mawili ya kaka. Polo hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha, nyutonimita 175, kuanzia mizunguko 1,550 kwa dakika. Micra haifiki 150, na kilele chake kiko juu ya mizunguko 4,000. Lile linaloitwa la papo hapo ndilo linalodai upige kelele. Na si kosa la wahandisi wake: supachaja ile iliwekwa kwa ajili ya kubana matumizi ya petroli, na ina klachi inayoizima kabisa gari linapotembea polepole. Ni injini ya busara. Haikuundwa kwa ajili ya masanduku ya wageni wanne kwenye mteremko wa kutoka uwanja wa gofu kuja juu kwetu, tena kwa mwendo ambao kamera, yule Sofia wetu, atauvumilia.

Nakiri pia kwamba katika mdahalo nilitaka kutumia mbio za Safari za Kenya, na nashukuru sikufanya hivyo. Ningesema Toyota Celica ya tabo ilishinda mfululizo 1984, 1985 na 1986, na kwamba Lancia 037 ya supachaja, iliyochukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1983, haikuwahi kushinda Safari. Yote kweli. Lakini Safari ya 1983 ilichukuliwa na Opel isiyo na tabo wala supachaja, mbele ya Audi za tabo. Mashindano yale huamuliwa na mawe, matope na bahati.

Hoja nzito dhidi yangu hakuna aliyeitoa, nami naitoa mwenyewe. Gari la kwanza la kaka lilikuwa la tabo, na tabo ndiyo iliyoliua. Feni yake huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Kaka alikuwa akichelewesha kubadilisha oili ili safari moja zaidi ilipe kodi ya nyumba. Tena alikuwa na tabia ya kupanda mlima kwa nguvu, kufika getini na kuzima papo hapo. Oili ikasimama ndani ya chuma kinachounguza, ikageuka makaa. Fundi wa Gatsata alipoifungua alimwonyesha ile shafti na kumwambia, "Kijana, hii haikufa leo. Umeiua kidogo kidogo." Supachaja ingemsamehe zaidi, haikai kwenye moto wa eksozi. Kwa mtu asiyebadilisha oili, mwenzangu alikuwa sahihi, na nisingebishana naye tena.

Lakini hapo swali limegeuka. Halihusu tena mlima, linahusu kama tunaamini mtu anaweza kujifunza. Katika ukumbi ule tulishangilia kifaa kinachomfaa dereva mzembe, tukakiita kifaa kinachoifaa Kigali. Kaka yangu si mzembe. Alikuwa hajaelezwa, kwa lugha yoyote kati ya nne za nchi hii.

Alinunua Polo. Oili huibadilisha kila kilomita 7,000, tarehe ameziandika kwa kalamu nyuma ya kivuli cha jua. Akifika nyumbani usiku hukaa ndani ya gari, injini ikinguruma taratibu, akihesabu hadi sitini, na mama huchungulia dirishani kuuliza huyu mtoto anaongea na nani kwenye simu. Mwenzangu namkaribisha Jumamosi. Kiti cha nyuma, katikati, na sanduku magotini.