Matapeli wa barua pepe: Chujio peke yake halitoshi

Wafanyabiashara wengi wa ufuta, kahawa na pembejeo siku hizi hupokea oda na ankara kwa barua pepe. Baadhi yao huamini kuwa barua taka zote hunaswa na chujio, hivyo kilichopita ni salama. Imani hiyo ni ya hatari, na sababu yake ni ya kiuchumi kuliko ya kiufundi.

Mkulima akitaka kuongeza ekari ya pili, hulipia upya mbegu, mbolea na vibarua. Tapeli hana mzigo huo. Kwake, gharama ya kutuma barua moja na ya kutuma milioni moja ni karibu sawa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, walifuatilia barua takriban milioni 350 za kutangaza dawa, zilizotumwa kwa siku 26. Zilileta oda 28 tu. Mkulima angevuna hivyo angeacha kilimo. Tapeli haachi, kwa kuwa mbegu yake ni ya bure.

Ndiyo maana anaweza kujaribu kila mwanya. Utaratibu wa kutuma barua pepe uliowekwa mwaka 1982 haukumtaka mtumaji athibitishe yeye ni nani, hivyo ilikuwa rahisi kutumia jina la mwingine. Uhakiki ulipoongezwa, matapeli wakasajili anwani zinazotofautiana na ya kampuni halisi kwa herufi moja. Mwaka 2002 mtaalamu wa kompyuta Paul Graham alieleza namna ya kutambua barua taka kwa kupima maneno yaliyomo. Wao wakachanganya humo maneno ya kawaida, wengine wakaficha tangazo ndani ya picha. Ni sawa na mdudu anayezoea dawa ile ile kila msimu.

Mbaya zaidi ni yule anayeiba nywila ya msambazaji wako wa mbolea. Huyo huandika kutoka anwani ya kweli, katikati ya mazungumzo ya kweli, akikuarifu kuwa akaunti ya benki imebadilika. Chujio litamshika kwa kosa gani?

Kinachowaumiza ni kubanwa kwenye biashara yao. Novemba 2008, kampuni ya McColo ya California, iliyokuwa ikihifadhi mitambo ya watumaji hao, ilikatiwa mtandao. Barua taka duniani zikapungua kwa zaidi ya nusu, ingawa baadaye ziliongezeka tena. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ujumbe usioombwa, lakini kurudisha fedha iliyokwisha kuvuka mipaka ni kazi ngumu.

Dawa iliyo mikononi mwetu ni kuwanyima mavuno. Ukiambiwa akaunti imebadilika, usilipe kabla ya kupiga simu, tena kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Vyama vya ushirika navyo viweke utaratibu wa watu wawili kuhakiki kila malipo. Simu ya dakika mbili inaweza kuokoa mauzo ya msimu mzima.

Wahenga walisema wajinga ndio waliwao. Katika biashara hii, hata mwerevu huliwa akiwa na haraka.