ASALI NA TAHNIKI YA MTOTO MCHANGA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, hapa Kilolo tende ni za kununua, na ukipita mwezi wa Ramadhani ni shida kuzipata. Asali hutoka katika mizinga yetu wenyewe. Ndiyo maana ziko nyumba ambazo mtoto akizaliwa hulambishwa asali kwa nia ya tahniki, na nyingine huendelea nayo kama dawa ya kikohozi na ya chango.

Jambo hili tunalileta kwa sababu ya maradhi adimu yaitwayo botulizimu ya watoto wachanga, yaliyotambuliwa na madaktari huko California, Marekani, mwaka 1976. Bakteria wake hukaa udongoni na vumbini wakiwa wamelala ndani ya ganda gumu, na huweza kuingia katika asali. Kuichemsha jikoni hakuwaui. Mtu mzima akiila hadhuriki, kwani utumbo wake umekomaa. Katika utumbo wa mtoto asiyetimiza mwaka huamka, wakaongezeka na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto hufunga choo, hunyonya kwa udhaifu, kilio hufifia, kope hulegea, shingo hushindwa kubeba kichwa, na hatimaye pumzi humwia nzito. Mara nyingi hana homa, na mzazi huweza kudhani kwamba amejaaliwa mtoto mtulivu. Akisaidiwa kupumua mapema, aghalabu hupona. Lakini msaada huo ni wa hospitali kubwa, na safari ya kutoka vijiji vya milimani hadi Iringa mjini wakati wa masika inajulikana.

Atauliza muulizaji: vipi kitudhuru kilichotajwa katika Surat an-Nahl kuwa kina shifaa kwa watu? Nyama ni halali na ina manufaa, wala hakuna anayemlisha mtoto wa siku 7. Shifaa ina umri wake na kipimo chake.

Katika Sunna iliyothibiti, Mtume (s.a.w.) alimfanyia tahniki Abdullah bin Zubeir kwa tende, na vivyo hivyo mtoto wa Abu Talha na wa Abu Musa. Asali imeingia kwa ijtihadi ya wanazuoni: Imam Nawawi ameruhusu kitu kitamu pakikosekana tende, na Ibn Hajar akaitanguliza asali ya nyuki. Hawakuwa na habari ya madhara haya. Basi asikaripiwe bibi aliyeleta kijiko, wala pasiwe na pupa ya kusema bidaa. Anayo kauli ya Ibn Hajar hata kama hajapata kulisikia jina lake. Aelezwe kwa upole.

Kwa maoni yetu, asali isimguse mtoto mpaka atimize miezi 12. Tahniki ifanywe kwa tende laini, na mwenye kinywa na mikono safi. Tende zikikosekana iachwe, kwani ni mustahabu, si wajibu. Si kila mgonjwa wa botulizimu alilambishwa asali. Vumbi nalo huleta. Ila vumbi hatuwezi kulizuia, na chupa ya asali tunaweza kuifunga.

Aliyekwisha kulambishwa asitiwe hofu, kwani walio wengi hawapatwi na kitu. Akifunga choo na kunyonya kukapungua, apelekwe hospitali siku ile ile, na daktari aelezwe habari ya asali bila kufichwa.